Ishirini na Mbili

Naryn, Januari. Mto umeganda, daraja halina kazi.
Mzee Sagynbek ameiviringisha hita kwa blanketi
kama mtoto mwenye homa,
ila homa ndiyo haina, na hiyo ndiyo kesi.
"Imezeeka. Kaitupe."

Burulai hajibu. Anaifungua, anaichomeka,
anasubiri tarakimu za mita zitulie.
Volti mia themanini na saba.
Ampea nane na nusu.
Juu ya kifuniko cha boksi la chai, kwa penseli fupi,
anagawa cha kwanza kwa cha pili:
omu ishirini na mbili, kamili.
Kisha anazidisha:
wati elfu moja mia tano themanini na tisa na nusu,
maana hata nusu ina joto lake.

Anaigeuza hita, anafuta vumbi kwenye kibandiko.
Volti mia mbili ishirini, ampea kumi.
Gawanya.
Ishirini na mbili.

"Ukinzani wake ni uleule wa siku ya kuzaliwa, babu.
Waya huu haujakosa kitu."
Anamwelekeza dirishani: mtaa mzima, kila chumba
kimewasha cha kwake,
na nyumba hii iko mwisho wa laini.
"Volti thelathini na tatu zimeliwa njiani.
Wa mwisho hupata mchuzi."

Mzee anatazama penseli, si dirisha.
"Kumbe ndiyo maana saa tisa usiku,
Anarkül akishazima, huwa nyekundu hivi..."

Analikung'uta blanketi,
anajifunika yeye.