Akija Mthamini

Zuhura, akija Jumanne usipake chokaa.
Mimi nilipaka siku mbili, kucha zikanichubuka,
naye akaingia chokaa haijakauka,
akaweka kiganja ukutani, akakinusa,
akaandika: unyevu.

Ada utalipa kwanza, na hairudi
hata bei ikikutia haya.
Hati itoe sandukuni mapema,
si wakati amesimama dakani anahesabu punda
na wewe umeinama, unachakura kati ya leso za mama.

Ni kijana. Bwana Mwaringa, wa Malindi.
Viatu alivivua bila kuambiwa,
soksi moja ina tundu, nikampenda kwa hilo tundu.
Ana kidude kadiri ya kibiriti:
akibonyeza, nukta nyekundu yatua ukuta wa pili,
na chumba cha ndani, alimozaa bibi watoto tisa,
kikasomeka kabla sijameza mate.
Mita saba kwa mbili na nusu.
Nikamwambia, vyumba vya Amu ni vyembamba
kwa sababu boriti ya mkoko haifiki mbali zaidi.
Akatabasamu. Hakuandika.

Usimfuate chumba hadi chumba kama mimi.
Mwenye kuhesabu ukimpa hadithi, hesabu humpotea,
akaanza upya, na uji jikoni unaungua.
Zidaka zote zile, kazi ya mikono ya watu,
alizipiga picha moja, tena ya mbali.
Samaki wa birika aliwatazama sana.
"Wanakula mabuu ya mbu," nikasema.
"Naam," akasema. "Maji ni ya kisima au ya kampuni?"

Dari ilivuja masika.
Ni kwa ajili ya dari naomba mkopo.
Ni kwa ajili ya dari bei ikashuka.
Nilicheka, Zuhura, nikacheka
mpaka mgeni akanitilia maji mimi, kwa kata yangu, kwangu.

Halafu wikio.

"Hiki kiko juu ya njia," akasema.
"Hati yako inaishia ukuta huu. Ya ndugu yako, ule.
Hapa katikati ni hewa ya serikali."
Hewa!
Babu aliilaza hewa hiyo boriti kumi na nne
ili mimi nawe tusishuke njiani kuazimana chumvi.
Uliivuka na bakuli la uji nilipokuwa na homa.
Na mwaka ule wa maneno
kila mmoja alitia komeo upande wake,
popo wakahamia, hawakuulizwa hati.
Alipima hata hivyo. Mita tatu na kitu.
Mbele yake akaweka sufuri.

Ripoti huchukua siku kumi.
Watakulinganisha na nyumba tatu zilizouzwa:
yangu waliiweka kando ya moja ya Shela
yenye bwawa la kuogelea, mimi na birika langu.
Isome yote. Waliandika vyumba vinne, viko vitano;
nikapeleka barua, wakasahihisha, bila samahani.
Na bei ni mbili, hili sikuambiwa na mtu.
Ya kwanza ni ya soko.
Ya pili ni ya siku benki watakapokuuzia kwa haraka.
Hiyo isome umekaa.

Mimi niliisoma nimesimama,
nikashika nguzo ya kiwanda, nguzo ikanishika.
Si matusi, nilijiambia baadaye. Hakuja kupima babu.
Alikuja kujua benki waogope kiasi gani.

Basi Jumanne atafika kwako,
atapanda hadi wikio kwa upande wako,
atapima hewa ile ile, ataandika sufuri ya pili.
Wewe fungua mlango wako tu.
Wangu nimeshautia mafuta bawaba.
Nitakuja na kahawa.
Akiuliza ni hatua za nani hizo,
mwambie ni hewa.