Kipande Namba Sitini na Tatu

Varna, baridi ya mwaka tisini na nne.
Kazi yangu makoti.
Mtu anavua, nampa kipande cha shaba chenye namba,
alfajiri ananirudishia kipande, namrudishia koti,
na kama kalewa namfunga vifungo.
Hayo ndiyo niliyomwambia hakimu,
ingawa aliniuliza mengine.

Klabu iliitwa Perla. Lyuben aliifungua
kwa pesa ya nyumba ya marehemu mama yake:
vioo ukuta mzima, taa za zambarau, choo kimoja kinachovuja.
Mwezi wa kwanza hatukumlipa mtu.
Wa pili wakaja vijana watatu,
wanamieleka wa zamani wa timu ya taifa,
shingo nene, masikio yamefinyangwa na mikeka.
Wakapangusa theluji viatuni kwa adabu,
wakasema wanauza bima.
Bima ya nini?
Ya vioo.
Lyuben akacheka, akawanunulia kahawa.
Jumamosi ile ile vioo vilikuwa changarawe,
nikavizoa mimi kwa koleo la makaa.

Jumatatu mlangoni pana stika:
mbwa mwitu wa buluu, na namba ya simu chini ya kucha zake.
Wakaleta mabaunsa wao.
Wakaleta vodka yao, chupa zile zile, lebo zile zile,
ila ukiinusa inanuka duka la rangi.
Kisha ukaja unga, si wa mkate,
na Lyuben akaanza kuhesabu mapato mlango umefungwa,
anahesabu, anaanza upya.

Kati ya mabaunsa alikuwamo Zhivko.
Miaka ishirini na miwili. Alikuwa akiniletea pilipili za siki
alizozifunga mama yake kwenye chupa za jamu.
Kifungo chake cha tatu kilipong'oka
nilikishona kwa uzi mwekundu, mweusi ulikuwa umeisha.
Sijui aliona nini ghalani, au alichukua nini.
Wengine wanasema alichukua.

Usiku huo aliitwa nje.
Akatoka na shati,
nyuzi kumi na moja chini ya sifuri,
akaniambia, "Dakika mbili, Velichka, usilifungie."
Mtu hatoki hivyo kama hategemei kurudi.
Hili nilimwambia hakimu. Akasema ni maoni.

Nani alimwita?
Mheshimiwa, mimi siangalii nyuso.
Kweli siangalii.
Lakini kikulacho ki nguoni,
na nguo zote za mji ule zilipita mikononi mwangu:
namba nane, ngozi nyeusi, kola ya manyoya,
liliondoka linanukia marashi
na wiki iliyofuata likarudi linanukia petroli.
Hili sikulisema.
Nina binti. Alikuwa darasa la nne.

Mama yake alikuja kutoka Dobrich kwa basi la saa kumi na mbili.
Mifukoni: tiketi, nusu ya mkate wa ufuta,
orodha — betri, maziwa, dawa ya miguu ya mama.
Akanusa kola. Akaugusa ule uzi mwekundu,
akauliza ni mkono wa nani.
Wangu.
Akaukata kwa meno, akaniachia kifungo,
akalikunja koti kama mtu anayekunja shuka la mgeni.

Kesi ikafa kwa kukosa ushahidi.
Lyuben akauza klabu, bei siitaji, ni aibu;
sasa anatengeneza friji huko Burgas.
Stika ilibanduliwa mwaka wa uchaguzi.
Leo kuna leseni kwenye fremu, mihuri miwili,
na jina la mwenye namba nane.

Mimi bado nipo. Kiuno kinauma, binti kaolewa.
Jana tajiri mwenyewe alikuja, mvi zimempendeza,
akanivulia koti bila kunitazama.
Nikampa kipande.
Alikuwa ameshapiga hatua tatu alipokisoma.
Akarudi.
Akaniuliza kama sina kingine.

Ndoano nyuma yangu zilikuwa tupu, zote, Jumanne ile.
Nikamwambia zimejaa.