Jina Lililotokea

Kupiga pasi shati moja, mia tano.
Hivyo ndivyo ninavyosoma bei ya kitu chochote.
Mkate ni mashati matatu,
Luku ya wiki, mashati ishirini,
na baiskeli nyekundu yenye kikapu mbele,
aliyoichora Eliapenda nyuma ya daftari la hesabu,
dukani ni mashati mia tatu na arobaini.
Unauliza bei, unashukuru, unatoka.

Tangu Juni nimekilisha kibubu mashati mawili kila siku,
kasoro siku za mvua, kasoro siku za homa,
kasoro ile wiki umeme ulipotukimbia Kimara nzima.
Tarehe mbili Desemba nikakivunja kwa kitako cha pasi.
Laki moja, arobaini na tatu elfu, na mia tano.
Humo mna nauli ya Machame. Humo mna kitenge cha mama.
Humo, ukikaza macho, mna magurudumu mawili.

Usiku simu ikaniletea ileile, nyekundu, kikapu mbele:
OFA YA KRISMASI. NUSU BEI. ZIMEBAKI TATU.
Mashati mia moja na sabini!
Moyo ukanitangulia.

Lakini jicho la dobi
hutafuta mkunjo.
Chini ya picha watu kumi na mmoja wameshukuru,
wote usiku mmoja, wote dakika moja,
wote wameandika "nimepokeya".
Nikauliza: duka liko wapi?
Kariakoo.
Kariakoo mtaa gani?
Kariakoo, dada, we wahi tu, mzigo unaisha.
Nilipe nikishaiona?
Hapana dada, tuma kwanza, bodaboda yuko njiani tayari.

Njiani kuja wapi?
Sijamwambia ninakoishi.

Na bado nikaandika namba. Msinicheke.
Ilikuwa saa sita, mtoto amelala na daftari kifuani.
Nikaweka kiasi, na kabla ya namba ya siri
likatokea jina.
Si la duka. Si la yule "dada Neema" niliyechati naye.
Majina matatu ya mwanamume, yamejaa kioo.
Sitayataja. Huenda naye kitambulisho chake
kimeazimwa bila kuulizwa.
Nikabonyeza tarakimu ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

Hapo nikamkumbuka Fausta wa chumba cha kona.
Mwaka jana aliagiza simu, akapokea kipande cha marumaru
kimeviringishwa gazeti na utepe wa dhahabu,
nasi uwani tukacheka mpaka tukashika mbavu.
Naye alicheka.
Jumatatu foronya yake ilinifikia
ina chumvi.

Nikafuta.

Asubuhi, ujumbe: Dada vipi?
Ile hela tuma kwenye namba hii.
Namba nyingine.

Nimeipata Tabata, kwa mama ambaye mwanawe amerefuka.
Naye nilimwona simuni, hana ofa, hana nyota,
picha yake nusu kidole.
Tulikutana mchana, kituo cha mafuta, mbele za watu.
Nikazungusha magurudumu, nikakaba breki,
nikauliza kengele iko wapi.
"Iliibwa," akasema, na sijui kwa nini tulicheka.
Ndipo nikalipa, mkono kwa mkono,
mashati mia moja na kumi,
na kumi na mawili ya kopo la rangi, maana ilikuwa bluu.
Kengele Eliapenda ataipiga kwa mdomo.

Sasa ni wiki ya mwisho, nguo zimefika darini,
Dar nzima inataka kung'aa kanisani.
Narushia kola maji, pasi inalia tssss, nawaza:
labda la yule mwandika "nimepokeya" nalo limo humu,
jeupe, la ibada ya mkesha.
Sawa. Nitalinyoosha kama mengine,
mikono yote miwili, hadi kifungo cha mwisho.
Ila akija kulichukua,
mia tano.
Kwanza.