Konzi ya Mchele

Mwaka ule mianzi ilichanua. Milima ya Mizoramu,
kilima baada ya kilima, ikageuka rangi ya makapi,
na wazee wa kanisa wakahesabu miaka tangu njaa ya mwisho
hadi vidole vikawaishia.
Mama hakuhesabu. Alipima mchele wa jioni,
akachota konzi moja, akaitia kwenye kopo la kanisa
kama jana, kama jioni ile tuliyomzika baba.

Panya walikuja mpunga ulipoanza kuinama.
Usiku mmoja tu. Asubuhi shamba la Pu Rualkhuma
lilikuwa bado limesimama, mabua matupu,
kama kwaya inayofumbua vinywa bila sauti.

Jumapili, Mchungaji Hmingliana akasoma habari za ndege:
hawalimi, hawavuni, hawana ghala,
na Baba hawasahau.
Nami, miaka kumi na miwili, tumbo likinguruma,
nikawaza: na panya je?
Hawalimi. Hawavuni. Hawana ghala,
wana letu.
Na Baba aliwalisha. Shahidi wangu ni manyoya yao,
yalivyong'aa.

Jumapili ya pili ilikuwa zamu ya chungu na mvivu,
na yule mtume aliyesema asiyetaka kazi asile.
Pu Rualkhuma, aliyefyeka tangu baridi ya Januari,
aligeuza viganja vyake juu, akavitazama
kama mtu anayesoma barua iliyokosea nyumba.

Na yule mzee wa zaburi, kijana hadi mvi,
hakuwahi kuona mtoto wa mwenye haki akiombaomba.
Angepita kwetu mwezi wa kumi na moja.
Nilikuwa nyuma ya jiko la Pi Thangzuali,
nimeshika bakuli la bati.

"Mama, aya ipi ni ya kweli?"
Alikuwa akipuliza moto wa kuni mbichi, macho yakimtoka machozi.
"Funika kopo," alisema, "panya wataingia."

Krismasi ilipokaribia, makopo yalirudi.
Akina mama wa kanisa walipita na gunia, mlango kwa mlango,
wakatupimia: mchele mwekundu, mweupe,
wenye vijiwe, wenye harufu ya moshi wa majiko ya watu,
konzi za wanawake nisiowajua, wa vijiji ambavyo panya hawakufika.
Sikuuliza huo ulikuwa muujiza au akiba.
Nilitaka tu maji yachemke.

Leo niko Aizawl, nina kitabu cha benki na bima ya maisha,
na kila usiku naomba riziki ya siku moja.
Sijui ni wapi ninapodanganya.

Ila jioni ile, kabla ya kuinjika, mama alichota tena.
Konzi moja. Kwenye kopo.
Nilimchukia, Mungu anajua.
Punje tisa zilimponyoka sakafuni.
Nikaziokota, nikazitafuna mbichi, nimempa mgongo,
naye akafunika kopo
taratibu, ili nimalize.