Swali la Kumi na Tisa

La kwanza lilikuwa gumu kiasi,
la pili likazidi, la tatu likanitoa jasho la kwapa,
nikajua bado nimo.
Ndivyo ulivyo mtihani huu wa kuingilia chuo cha biashara:
ukipatia, kompyuta inakupandisha mlima;
ukikosea, inakuhurumia,
na huruma hiyo ndiyo ya kuogopa.

Chumba chenyewe kipo nyuma ya duka la vifaa, Tabora mjini.
Kompyuta kumi na moja, nzima nane.
Jenereta linakohoa uani
na kila likikohoa tunainua shingo sote
kama kuku waliosikia mwewe.

Mwalimu Kapufi, aliyetufundisha jioni kule Isevya
kwa chaki za kuomba shule ya jirani, alisema:
"Dakika mbili. Likikushinda,
chagua, bonyeza, nenda.
Usilikalie swali kama mdai kizingitini.
Hakuna kurudi nyuma."

Hilo la kurudi nyuma nilikuwa nalo tangu nyumbani.
Baba alikuwa mtu wa pointi pale stesheni,
kazi yake wenzo mmoja:
ukilala huku, treni ni ya Mwanza,
ukilala huku, ya Kigoma,
na wa Mpanda wanakwenda nao hadi Kaliua.
"Behewa la kwanza likishapita," alikuwa akisema,
"mkono wako hauna kazi tena.
Kanywe chai."
Swali la saba nililikosea, nililisikia likikosewa.
Nikanywa chai, kimoyomoyo, bila sukari.

Kisha yakaja yale ya ajabu, yasiyotaka jibu.
Hayaulizi Shija ana kilo ngapi za asali.
Yanauliza: kwa taarifa hizi mbili, ungeweza kujua?
Miaka tisa napima asali kwenye ghala la ushirika,
ndoo isiyojaa naijua kwa kuigonga kidole,
na hakuna aliyewahi kuniuliza
kama ninachokijua kinatosha.

Taarifa ya kwanza: Lubango alipanda treni mwezi wa nne,
akasema atarudi tumbaku ikishauzwa.
Taarifa ya pili: alibeba mpaka ndara za bafuni.
Ya kwanza peke yake haitoshi.
Ya pili peke yake

Nilibonyeza kitu, sijui nini.
Sekunde arobaini zilikwenda kwa Lubango,
na nilizilipia mimi, kwenye ada ya mtihani.

Ndipo likaja la kumi na tisa.
Shati la shilingi elfu ishirini
limepunguzwa asilimia kumi. Linauzwaje?

Basi. Hakuna zaidi.
Mtoto anayeuza maandazi Cheyo angelijibu
huku anarudisha chenji.

Niliganda.
Kwa nini jepesi? Nimeanguka wapi?
Ngazi ngapi nimeshuka bila kuusikia mguu?
Nililisoma mara tatu nikitafuta mtego,
nikaangalia kama elfu ni elfu kweli.
Kushoto kwangu Kabula wa benki anauma kucha,
uso wake uleule wa tangu asubuhi, wa mtu anayepanda,
nikamwonea wivu kwa shida zake.

Kapufi alitufunza kuruka, kukisia, kupima muda.
Hakutufunza namna ya kujibu swali jepesi
bila machozi.

Aliwahi kutaja, lakini, maswali ya majaribio,
yanayopenyezwa humo na hayahesabiwi.
Labda ni hilo. Labda nimeporomoka.
Taarifa ya kwanza haitoshi, ya pili haitoshi,
zote mbili pamoja hazitoshi,
na saa kwenye kona ya kioo haijali.

Elfu kumi na nane.
Wenzo. Chai.

Swali la ishirini likajaza kioo kizima,
aya mbili, jedwali, na mabomba matatu yanayovuja
kwa kasi tofauti.
Mstari wa kwanza sikuuelewa hata kidogo.

Nikacheka kwa sauti.
Msimamizi akageuka kunitazama,
nami nikainama haraka,
nikaanza kuhesabu maji.