Mshika Bendera

Katika daftari la reli, mwaka hamsini na nne,
baba yangu ameandikwa mshika bendera:
Ausi Likoloma, Mtwara, shilingi sitini na tano,
sare moja, filimbi moja, bendera mbili.
Filimbi hakuipuliza. Alipuliziwa.

Kazi yake ilikuwa insaidi lefti.
Bwana stesheni alimwona Mikindani
akiwapita watatu kwa mpira wa matambara,
akamwambia, "Jumatatu njoo,
uje na miguu hiyo hiyo."
Huo ndio mkataba. Hakukuwa na mwingine.

Walisafiri katika behewa la mwisho,
nyuma ya magunia matupu ya karanga,
viatu wamevitundika shingoni
visije vikachakaa kabla ya filimbi.
Ruo walikula mihogo ya kuchoma.
Nachingwea walingojwa
kama anavyongojwa mkwe mwenye deni la mahari:
kwa hamu, na kwa fimbo.

Goli lake la mwaka hamsini na saba sikuliona,
nilikuwa tumboni.
Nimelisikia kwa wazee watatu na kila mmoja ana lake.
Mmoja anasema aliwalaza mabeki wawili na golikipa,
akaukalia mpira juu ya mstari, akaomba maji.
Wa pili anasema, "Maji gani? Mvua ilikuwa inanyesha!
Gozi lilikwama topeni, akalisukuma kwa goti."
Wa tatu alikuwa golikipa mwenyewe.
Anasema alikuwa ameotea.
Baba nikimwuliza, hujibu neno moja:
"Uliingia."

Ninachokijua mimi ni goti.
La kushoto. Ngwala ya fulbeki wa mkonge, kule Lindi,
mtu mwenye mapaja kama magogo ya daraja.
Walilifunga barafu ya behewa la samaki
ndani ya jezi, likanuka changu hadi Jumapili,
na Jumapili akaingia tena uwanjani,
kwa kuwa mchezaji anaweza kuchechemea,
mshahara hauwezi.

Kisha karanga zikaikataa ardhi,
au ardhi ikazikataa karanga, sijui nani alianza.
Mwaka wa sitini na mbili wakaifunga njia.
Siku ya treni ya mwisho
mshika bendera wa kweli alikuwa kitandani na homa.
Wakafungua daftari: kuna mwingine?
Yupo.

Hilo nililiona, nina miaka mitano.
Baba ndani ya sare ambayo haijawahi kupata jasho,
mikunjo ya sanduku bado kifuani,
akainua ya kijani kwa mkono wa kushoto.
Behewa la mwisho likapita, likawa kisanduku, likawa nukta,
mkono bado uko juu.
Halafu akageuka ghafla, akatazama nyuma yake,
kama mtu aliyeitwa apokee pasi.

Wakampa kibarua cha wiki sita, kung'oa reli.
Akaing'oa kwa mtaimbo, taruma kwa taruma,
njia ya kwenda mechi zake zote za ugenini.

Miaka ikapita ndipo nikamsindikiza kudai kiinua mgongo.
Karani alipekua, akalamba kidole, akapekua.
"Mzee, humu hakuna mpira.
Mshika bendera, miaka minane, si wa kudumu."
Nilitaka kugombana. Baba akanigusa bega,
akamwinamia yule kijana:
"Na hiyo bendera, wameandika niliishika vizuri?"

Kipande cha reli kimetundikwa shuleni kwetu,
ndiyo kengele. Mimi ndiye mwalimu wa zamu,
naigonga kwa nati kubwa yenye kutu, saa moja na nusu.
Nyumba ya baba iko ng'ambo ya barabara.
Nikigonga, namwona pale barazani:
mguu wa kushoto unasogea nusu hatua,
unatulia.

Leo nimeongeza pigo moja.
Watoto walikuwa wameshaingia darasani.