Masanduku Saba ya Mehpare

Yaliletwa Jumatatu kwa pikapu ya muuza matikiti,
masanduku saba, la mwisho lilikuwa la ndimu,
na mpwa wake akasema: tafuta barua za mapenzi,
gazeti limeahidi pesa nzuri.

Mimi nalipwa kwa sanduku, si kwa siri.
Nikavaa glavu, nikawasha taa, nikaanza kuhesabu.

Stakabadhi za cherehani, miezi kumi na minane, zote zimelipwa.
Risiti ya meno mawili ya dhahabu.
Risiti nyingine: meno yaleyale, yameuzwa.
Barua elfu na ushei za wapenzi wake
kutoka Adana, kutoka Erzurum,
kutoka kwa baharia mmoja aliyekwama Hamburg,
bahasha zote zimefunguliwa kwa kisu, kwa adabu,
stempu zimekatiwa mtoto wa jirani.
Hakuna hata moja yenye alama ya kujibiwa.

Sanduku la nne ndilo lililonikalisha kitini.
Miswada ya filamu, thelathini na mmoja,
na pambizoni, pale wenzake walipoandika "polepole" au "geuka",
yeye amechora.
Birika linalofuka mvuke: hapa kasirika.
Ndege asiye na miguu: hapa lia.
Kiatu: ondoka.
Mlango, na nyuma ya mlango mlango mwingine.
Huo sikuuelewa mpaka nilipoitazama filamu yenyewe usiku;
penye mlango ananyamaza,
ule unyamavu ambao Istanbul nzima iliukatia tiketi.

Karatasi hazina hata neno moja la mkono wake.

Nikazikumbuka zile picha, kila kinyozi wa Balat alikuwa nayo moja,
saini ya wino wa buluu chini ya kidevu.
Nikapanga kumi na mbili mezani, nikazipima kwa rula.
Hazipishani hata kwa unywele.
Mtu anayeandika huteleza.
Huyu hakuwa akiliandika jina,
alikuwa akilichora, kama birika, kama kiatu.

Na nani alimsomea? Refia, dada yake,
yule wa pembeni kwenye picha za seti, ameshika koti.
Magazeti yalimwita mtumishi.
Usiku alimtamkia maneno, mwenzake akayameza,
asubuhi yakatoka mbele ya kamera yangali moto.
Mficha uchi hazai, watu husema;
hao wawili walificha, wakazaa filamu thelathini na moja.

Sanduku la saba bado linanuka ndimu.
Daftari la shule, jalada la kijani,
tarehe: wiki ya tatu baada ya mazishi ya Refia.
Ana miaka hamsini na mitatu.
Ukurasa wa kwanza hadi wa tisa, neno moja:
Döndü.

Si Mehpare, kipande cha mwezi, jina la kununuliwa na mtayarishaji.
Döndü, "amegeuka",
jina ambalo kule kijijini, Sivas, alipewa binti wa nne
ili bahati igeuke na afuate mvulana.
Nukta mbili juu ya o, nukta mbili juu ya u,
mara amezisahau, mara ametia tatu,
zimekaa juu ya mstari kama macho ya watoto wanaochungulia ukuta.
Hakuna Döndü mbili zinazofanana.

Kisha, ukurasa wa kumi, sentensi yake ya kwanza duniani.
Mpwa akapiga simu: kwa nani? Ni mapenzi?
Nikamsomea kama ilivyo, bila koma:

Bwana Sabri makaa ya juzi yana mawe
nimetoa mawe nimeyapima kilo nne
usinidanganye tena
sasa mizani naisoma mwenyewe

Simu ikakatika.

Nimejaza orodha: daftari, moja, kijani, hali nzuri.
Safu ya maelezo niliitazama muda mrefu, chai ikapoa.
Mwishowe nimechora birika
linalofuka mvuke.